Paka Hashibi kwa Wali: Mbwa na Paka katika Historia ya Vyuo Vikuu

Mwezi mmoja baada ya masomo kuanza nilipokea barua ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, asomaye elimu ya wanyama katika chuo kikuu kimoja cha nchi yetu. Barua ilikuwa na maombi mawili. La kwanza lilikuwa la mwanafunzi kwa mwalimu wa lugha: alitaka nimpe neno la Kiswahili liwafaalo wanyama wafugwao si kwa maziwa wala nyama, si kwa ngozi wala kubeba mzigo, bali kwa kukaa na mtu, yaani mbwa, paka na mfano wao. La pili lilikuwa la mtoto kwa mjomba wake. Alikuwa amechagua kuandika tasnifu yake juu ya chakula cha mbwa na paka, na baba yake, ambaye ni mfugaji, alipopata habari hiyo alimjibu kwa swali moja tu: "Nimeuza ng'ombe wawili ili ukamsomee mbwa?" Mpwa wangu aliniomba nimsaidie kulijibu swali hilo.

Swali la shemeji yangu si la kuchekwa. Yeye alilisema kwa maneno machache jambo ambalo wakuu wa vyuo vya Ulaya na Marekani walilisema kwa maneno mengi kwa muda wa karne mbili: kwamba mnyama astahiliye kusomewa ni yule aletaye mali. Mimi si mganga wa wanyama, na kazi yangu ni lugha. Lakini mtu akiulizwa neno hulazimika kwanza kukijua kitu, na kukijua kitu ni kuijua historia yake. Kwa hiyo niliingia maktaba, na haya yafuatayo ndiyo niliyotoka nayo.

Elimu ya wanyama haikuanza kwa mapenzi ya wanyama. Ilianza kwa hofu ya hasara. Katika karne ya 18 ugonjwa wa sotoka ulipita mara kwa mara katika nchi za Ulaya, ukafagia mazizi na kuwaacha wakulima hawana ng'ombe wa kulimia wala wa kukamua. Huko Lyon, katika Ufaransa, alikuwako bwana mmoja aliyeitwa Claude Bourgelat, mkuu wa chuo cha kufundishia upandaji wa farasi. Bwana huyu aliamini kwamba maradhi ya wanyama yaweza kusomwa kwa utaratibu ule ule wa maradhi ya watu: kwa kupasua maiti, kutazama viungo, na kuandika kilichoonekana. Katika mwezi wa Agosti 1761 baraza la mfalme lilimpa ruhusa, na mwaka wa 1762 chuo chake kilifungua milango. Miaka michache baadaye alianzisha chuo cha pili huko Alfort, karibu na Paris. Vyuo hivyo viwili ndivyo mama wa vyuo vingi vya uganga wa wanyama duniani.

Msomaji aangalie wanyama waliokuwa mbele ya mwalimu huyo. Farasi alikuwa wa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyevuta gari, jembe na mzinga wa vita. Ng'ombe alikuwa wa pili, na kondoo wa tatu. Mbwa aliingia chumbani kama kiwiliwili cha kupasuliwa ili wanafunzi wajifunze mikono. Hakuingia kama mgonjwa. Na paka je? Paka alikuwako chuoni, bila shaka, lakini kazi yake ilikuwa ghalani.

Uingereza ilifuata katika mwaka wa 1791, chuo kilipoanzishwa London. Mkuu wake wa kwanza, Charles Vial de Sainbel, alikuwa Mfaransa, naye alifariki mwaka wa 1793. Aliyemrithi, Edward Coleman, alikuwa mpasuaji wa watu, na alikaa katika kiti hicho tangu 1794 hadi kufa kwake mwaka wa 1839. Katika miaka hiyo 45 farasi alikijaza chuo kizima. Jeshi lilimhitaji, wenye magari ya abiria walimhitaji, matajiri walimhitaji. Mwanafunzi aliweza kumaliza masomo na kupewa hati yake bila kujua sawasawa la kumfanyia mbwa ahemaye kwa shida.

Ilikuwa nje ya mlango wa chuo ndipo mbwa alipopata tabibu. Delabere Blaine alifungua nyumba ya kuwatibia mbwa na farasi katika mji huo huo wa London, na mwaka wa 1817 alitoa kitabu juu ya maradhi ya mbwa. Mshirika wake, William Youatt, aliendelea na kazi hiyo, naye mwaka wa 1845 alitoa kitabu chake juu ya mbwa. Watu hawa wawili waliandika yale waliyoyaona kwa macho yao siku hata siku: mbwa wa wawindaji, mbwa wa wachinjaji, mbwa wa mabibi. Hawakuwa na kiti katika chuo kwa ajili ya elimu hiyo. Twaweza kusema kwamba elimu ya mbwa ilizaliwa barazani, ikakaa huko muda mrefu, ikisubiri kukaribishwa ndani.

Marekani ilileta jambo jipya. Sheria ya mwaka wa 1862 iliyapa majimbo ardhi ili yaiuze au kuitumia kwa kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi, na katika vyuo hivyo ukulima wa wanyama ulikuwa somo mbali na uganga. Mganga huuliza, "Mnyama huyu anaumwa nini?" Mwalimu wa ukulima huuliza, "Mnyama huyu mzima ale nini, azae lini, na azalishwe na nani, ili apatikane bora kuliko mzazi wake?" Mwaka wa 1898 W. A. Henry wa Wisconsin alitoa kitabu chake juu ya malisho, ambacho kilisomwa na vizazi vya wanafunzi. Humo kila ratili ya chakula hupimwa kwa ratili ya nyama, au ya maziwa, au ya sufu. Mwaka wa 1908 wataalamu wa malisho walijiundia chama chao, na mwaka wa 1961 chama hicho kilichukua jina la elimu ya wanyama badala ya jina la uzalishaji wa wanyama. Mabadiliko hayo ya jina yaonekana madogo, lakini kwa mwanafunzi wa lugha si madogo. Neno uzalishaji humfunga mnyama katika mizani ya faida. Neno elimu humfungulia. Mnyama asiyezalisha kitu aliweza sasa kuuliza, "Na mimi je?"

Tena palikuwa na sababu nyingine isiyotoka katika vitabu. Motokaa ilikuja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza farasi aliondoka barabarani, na waganga waliokuwa wamefunzwa kwa ajili yake walijikuta na elimu isiyo na mgonjwa. Baadhi ya vyuo vya uganga wa wanyama katika Marekani vilifungwa. Waganga waliobaki mijini walitazama kushoto na kulia, wakamwona yule waliyempita kila siku kizingitini. Mbwa hakuingia chuoni kwa heshima yake; aliingia kwa sababu farasi aliacha nafasi.

Lakini alipoingia, alilipa kodi ya nyumba. Hapa napenda kukawia kidogo, kwa kuwa kisa hiki kina mguu mmoja katika Afrika. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wadogo, masikio wima, mkia uliojikunja, ambao hawabweki kama mbwa wengine bali hutoa sauti iliyo kati ya wimbo na kilio. Wazungu waliwaita basenji. Mswahili alisikiapo jina hilo hutambua mara moja ndugu ya neno lake mwenyewe: ni washenzi, neno la kudharau ambalo watu wa pwani na wasafiri wa misafara waliwabandika watu wa bara. Basi jina la mbwa hao ni alama ya dharau iliyosafiri na misafara, ikavuka bahari, na sasa imeandikwa katika vitabu vya ukoo wa mbwa vya Ulaya bila msomaji wa huko kujua maana yake. Mwaka wa 1895 mbwa wawili wa namna hiyo walionyeshwa London, na haukupita muda wakafa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa ambao hutoa makamasi, homa na kifafa, na ambao wakati huo haukuwa na kinga.

Mwaka wa 1905 Mfaransa Henri Carré alionyesha kwamba distempa huletwa na kiini kidogo sana kipitacho hata katika chujio linalozuia bakteria. Yaani virusi, kama tusemavyo leo. Wataalamu wengi hawakumwamini. Katika miaka ya 1920 wapenda mbwa wa Uingereza walichanga fedha kwa mwito wa gazeti moja la wawindaji, na kwa fedha hizo Patrick Laidlaw na G. W. Dunkin walifanya uchunguzi huko Mill Hill, London. Kwa kuwa mbwa wengi walikuwa wamekwisha kuugua na kupata kinga, walitafuta mnyama mwingine ashikwaye na distempa kwa urahisi, wakampata mnyama mdogo wa jamii ya kicheche ambaye huko hufugwa kwa kuwatolea sungura mashimoni. Kabla ya miaka ya 1920 kwisha, walikuwa wamepata njia ya kumkinga mbwa.

Hapo shemeji yangu angesema, "Sawa, mbwa wamepona, na mtu amepata nini?" Jibu lilikuja katika mwaka wa 1933. Homa ya mafua ilikuwa imeua mamilioni ya watu duniani katika miaka ya 1918 na 1919, wala hapakuwa na aliyekuwa amekishika kiini chake kwa hakika. Laidlaw pamoja na Wilson Smith na Christopher Andrewes walichukua maji yaliyosukutuliwa kooni mwa wagonjwa, wakayatia katika pua za wanyama wale wale waliokuwa wakiwatunza kwa ajili ya distempa. Wanyama wakaugua mafua. Hivyo ndivyo virusi vya homa ya mafua ya binadamu vilivyopatikana kwa mara ya kwanza, katika nyumba iliyojengwa kwa shilingi za wapenda mbwa. Aliyetafuta dawa ya mbwa aliokota ufunguo wa mlango wa watu.

Mbwa wa Kongo hakuishia hapo. Katika Bar Harbor, jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller walifanya uchunguzi wa muda mrefu juu ya urithi na tabia, na mwaka wa 1965 wakatoa kitabu chao. Walilea aina tano za mbwa katika nyumba moja na kwa malezi mamoja, na basenji alikuwa mmojawapo. Walimzalisha na aina nyingine iliyo tulivu, ili waone ni tabia zipi zifuatazo damu na zipi zifuatazo malezi. Moja katika mambo waliyoyathibitisha ni kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, tangu kama juma la tatu hadi la kumi na mbili la umri wake, ambacho ndani yake hujifunza nani ni mwenzake. Akikutana na mikono ya watu katika siku hizo, atakuwa wa watu. Akiikosa, atawaogopa watu maisha yake, hata akilishwa vizuri namna gani. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, wala hawakuwa na haja ya kupima majuma. Lakini yule alimaye shamba la malezi hufaidika akijua msimu huanza lini na kwisha lini.

Sasa nimfikie paka, ambaye kwa ajili yake nimeiita makala hii kama nilivyoiita. Mithali ya pwani yasema: Paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Sisi tumezoea kuitumia kwa watu. Mtu akipewa kisicho haja ya moyo wake, hata kiwe kingi, hatulii. Nimeifundisha mithali hiyo miaka mingi nikiieleza kama istiari, wala sikupata kujiuliza kama ina kweli juu ya paka mwenyewe.

Ina kweli. Katika mwaka wa 1975 K. C. Hayes na wenzake katika Marekani walieleza habari ya paka waliolishwa chakula ambacho protini yake ilitoka katika maziwa tu. Paka hao walianza kupofuka. Utando wa nyuma ya jicho, upokeao mwanga, ulikuwa ukioza. Kilichokosekana ni taurini. Kitu hiki kilijulikana tangu mwaka wa 1827, Wajerumani Tiedemann na Gmelin walipokitoa katika nyongo ya fahali, na ndiyo maana kikapewa jina litokanalo na neno la Kilatini la fahali. Wanyama wengi hujitengenezea taurini ya kutosha katika miili yao. Paka hawezi kujitosheleza. Sharti aipate katika nyama. Mchele hauna.

Mwaka wa 1978 James Morris na Quinton Rogers, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, walionyesha jambo la kushangaza zaidi. Kuna sehemu ya protini iitwayo arjinini. Panya akiikosa kwa siku kadhaa hudhoofika polepole. Paka akila mlo mmoja tu usio na arjinini, kwa muda wa saa chache amonia hujaa damuni mwake, naye hutapika, hulegea, na aweza kufa. Sababu ni kwamba ini la paka limejengwa kwa kuteketeza protini bila kupumzika, kama tanuri lisilozimwa. Hakujengwa kwa siku za njaa ya nyama. Tena paka hawezi kugeuza rangi ya karoti au ya mboga kuwa vitamini A, jambo ambalo mtu na mbwa hulifanya bila shida.

Kilele cha habari hii kilikuja mwaka wa 1987. Paka wengi walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo uliotanuka na kulegea, na waganga waliuhesabu kuwa hauna tiba. Paul Pion, akiwa Davis pamoja na wenzake, aliona kwamba paka hao walikuwa na taurini haba katika damu. Alipowapa, mioyo yao ilirudi kupiga sawasawa. Jambo la kutisha ni kwamba paka hao hawakuwa wamelishwa wali wa maskini. Walilishwa vyakula vya makopo vilivyouzwa kwa fedha nyingi, vikiwa na maandishi kwamba vimekamilika kwa mahitaji yote ya paka. Vipimo vya taurini vilivyowekwa zamani vilikuwa vidogo mno. Watengenezaji waliongeza taurini, na ugonjwa ule uliokuwa wa kawaida ukawa nadra.

Katika kisa hiki mna mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba elimu ya wanyama hawa, katika nchi za matajiri, imekaa karibu sana na biashara ya chakula chao, na mwanafunzi lazima ajue kutenga neno la mpimaji na neno la muuzaji. La pili ni kwamba mkosaji hakuwa mjinga. Mkosaji alikuwa mtu aliyemdhania paka kuwa mbwa mdogo. Mwaka wa 2013 wachunguzi wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu aliyemzaa, ana nakala nyingi za jeni itengenezayo kimeng'enya cha kuyeyusha wanga. Maana yake ni kwamba mbwa amekula makombo ya wakulima kwa vizazi vingi hata tumbo lake likabadilika kumfuata mtu. Mbwa alijifunza kula ugali wetu. Paka aliingia nyumbani mwetu kwa ajili ya panya wetu, wala hajapata kutia sahihi mkataba mwingine.

Mintarafu ya neno, jambo hili lilinirudisha kwenye ombi la kwanza. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa wanyama hawa lina asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mtu ulaye naye mkate mmoja. Kwa maana hiyo mbwa anastahili jina hilo kwa haki kamili, na paka halistahili hata kidogo.

Sitakawia juu ya yale yasemwayo kuhusu faraja aipatayo mtu kwa mnyama, ingawa nayo yameingia vyuoni. Mwaka wa 1962 Boris Levinson, mganga wa maradhi ya nafsi katika New York, aliandika jinsi mbwa wake alivyomsaidia kumfungua ulimi mtoto asiyetaka kusema na watu. Mwaka wa 1980 Erika Friedmann na wenzake walitoa habari za wagonjwa 92 wa moyo: katika 53 waliokuwa na mnyama nyumbani walikufa 3 ndani ya mwaka mmoja, katika 39 wasio naye walikufa 11. Hesabu hiyo ilileta vitabu vingi na mabishano mengi, maana mtu awezaye kufuga mbwa huenda alikuwa na nguvu au na watu tangu mwanzo. Naiacha hapo.

Yatubidi sasa kurudi nyumbani. Sotoka ile iliyozaa chuo cha Lyon ilifika Afrika ya Mashariki karibu na mwaka wa 1890, ikaangamiza sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe, na njaa ikawafuata Wamasai na wafugaji wengine. Kwa hiyo elimu ya wanyama ilipopandwa huku kwetu, ilipandwa katika kaburi la ng'ombe, na si ajabu kwamba ng'ombe ameitawala. Nayo imemfaa sana. Huko Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka karibu na mwaka wa 1960, na mwaka wa 2011 dunia ilitangaziwa kwamba ugonjwa huo umekwisha kabisa. Vyuo vya Kabete na Morogoro vimelea wataalamu wa mifugo ambao bila wao meza zetu zingekuwa tupu. Nani atathubutu kusema kwamba mpango huo ulikuwa mbaya?

Hata hivyo, mbwa alikuwako wakati wote huo, nyuma ya zizi. Hakusomewa, lakini hakuacha kuishi nasi. Mwaka wa 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka na kuanguka kwa kifafa; karibu theluthi moja yao, wapatao 1,000, walikufa. Ugonjwa ulikuwa distempa, ile ile iliyowaua mbwa wawili wa Kongo huko London karibu miaka 100 kabla yake, na mbwa wa vijiji vilivyoizunguka mbuga walidhaniwa kuwa ndio chemchemi yake. Nchi ijivuniayo simba wake ilitambua kwamba afya ya simba yaweza kutegemea mbwa asiye na jina, alalaye chini ya ghala la mahindi.

Na kuna kichaa cha mbwa. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister, dunia inajua jinsi ya kumwokoa aliyeumwa, iwapo atawahi. Lakini watu wakadiriwao kuwa 59,000 wangali wakifa kwa ugonjwa huo kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na karibu wote kwa meno ya mbwa. Na watoto si wachache miongoni mwao. Dawa yake kubwa haiko hospitali. Iko katika kuwachanja mbwa, yapata 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Kisiwani Pemba jambo hilo lilifanywa, na ugonjwa ukatoweka mwaka wa 2014. Mwaka wa 2016 ulirejea kutoka bara, na ikapasa chanjo irudishwe kwa nguvu ndipo ulipoondoshwa tena. Mtu awezaje kuchanja mbwa 70 katika 100 ikiwa hajui mbwa ni wangapi, wanaishi miaka mingapi, wanakula nini, wanazaa lini, na nani awezaye kumshika yupi? Maswali hayo ndiyo elimu ya wanyama yenyewe. Hakuna hata moja kati yake linalojibiwa kwa kumsoma ng'ombe.

Nilimwandikia mpwa wangu nikampendekezea neno wandani. Nilimweleza kwamba mwandani ni rafiki wa siri, na ndani yake husikika neno ndani. Basi wanyama wandani ni wale waliotuingilia nyumbani. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Alinijibu kwa heshima, lakini hakukubali. "Shikamoo, Mjomba," aliandika. "Neno ni zuri, lakini mbwa wa kwetu halali ndani. Nikiandika wandani nitakuwa nimemwacha nje yule ninayetaka kumsoma. Nitaandika wanyama wenzi. Mwenzi hulazimiki kulala naye chumba kimoja. Yatosha kwamba mnakwenda naye." Nalisoma mara mbili, nikaona mwanafunzi amempita mwalimu wa lugha katika lugha.

Kwa shemeji niliandika barua ya peke yake. Sikumtajia Lyon wala London. Nilimweleza habari za simba, za watoto na za Pemba, na mwisho nikamsimulia jinsi wataalamu walivyogundua kwamba paka hawezi kuishi kwa wali. Jibu lake lilikuja kwa simu. Alisema kwamba habari ya paka hata marehemu bibi yake aliijua, wala hakuuziwa ng'ombe ili aijue. Nikamwambia ni kweli. Bibi alijua kwamba paka hashibi, lakini hakuna aliyejua kwa nini hupofuka, na kwa kutojua huko paka wengi walikufa wakiwa wameshiba. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama katika chuo hicho wanafundisha pia jinsi ya kumshika mbwa wake mkali, maana wachanjaji walipita kijijini mwaka jana, na mbwa huyo peke yake ndiye aliyebaki bila kuchanjwa.

Nikamwambia amngoje binti yake likizo.